Mimba ilitoka msimu wa karafuu, mpaka leo sijashika nyengine

Bi Mkunga, assalaam alaykum. Shikamoo.

Nna miaka 27, nimeolewa miaka mitatu sasa, nakaa shamba nje kidogo ya Wete kwa wazee wa mume wangu. Yeye anafanya kazi hotelini Unguja, kaskazini huko. Huja mwisho wa mwezi akishapokea mshahara, hukaa siku nne kisha hupanda boti kurudi.

Mwaka jana mwezi wa 11 nilikuwa na mimba ya wiki kumi. Karafuu zilikuwa nyingi, nyumba nzima tunachambua usiku. Umeme ulikatika, wifi yangu akasimamisha simu ndani ya gilasi itumulikie. Nimeshafika nusu ya kapu langu, karafuu huku makonyo kule, nikahisi joto linanishuka. Nilidhani jasho. Niliponyanyuka nikaona mkeka umeingia damu.

Hospitali walinisafisha siku ya pili yake. Linaloniuma mpaka leo ni kuwa kabla hata ya kuulizwa jina, muuguzi alinambia mbele ya watu, "Umetumia nini?" Mavyaa alikuwa ubavuni pangu. Sikutumia kitu, Bi Mkunga. Mimba ile niliitaka. Nilishaweka doti ya kanga sandukuni kwa ajili ya mbeleko.

Damu iliendelea kama siku tisa. Siku ya nne nilipata homa na kutetemeka. Niliona haya kurudi pale, nikamtuma mtoto duka la dawa akaniletea vidonge vya rangi mbili, nikanywa siku tatu, homa ikaondoka. Baada ya wiki tano nikaona siku zangu, na tangu hapo nazipata kama zamani, kila baada ya siku 30, damu ya kawaida. Naziandika kwenye daftari. Mwezi wa tatu nilianza tarehe 21, wa nne tarehe 20, wa tano 20, wa sita 19. Mume wangu mwezi wa tatu alikuja tarehe 27 akaondoka 30, wa nne 26 mpaka 29, wa tano 27 mpaka 30, na miezi ya nyuma ni hivyo hivyo.

Lakini mimba sipati. Miezi saba hii. Mavyaa anasema nna chango. Alinipeleka kwa bibi mmoja, nikapewa dawa ya kunywa na vifundo vya kitambaa vya kujiwekea ndani siku tatu kila mwezi, eti vitoe uchafu uliobaki. Vinawasha kama pilipili, na majimaji yanayotoka baada ya hapo yana harufu. Nanywa na kombe kila Ijumaa. Mavyaa anasema pia kosa ni langu, nilibeba polo la karafuu asubuhi ya siku ile. Wiki iliyopita nimemsikia kwenye simu akimtajia mume wangu binti wa ndugu yake. Na mume wangu, nilipomwambia twende tukapime sote, alinijibu, "Mimi nilishakupa mimba, mimi mzima."

La mwisho hajui mtu. Nilipokuwa na miaka 19, nasoma Unguja, nilipata mimba. Rafiki yangu akaniletea vidonge, nikavitumia. Damu ilitoka wiki mbili ikaisha, sikwenda popote. Sasa kila nikipita njiani nikasikia harufu ya karafuu zilizoanikwa, moyo unaniambia nalipizwa. Dawa zile ndizo zilizonikausha kizazi? Nimwambie mume wangu? Na zile sala nilizoacha siku za damu, nizilipe?

Wako,
Mchambuzi wa karafuu, Wete

*

Waalaykumu salaam mwanangu, marahaba.

La sala nalitoa mwanzo kwa sababu si langu. Muulize mwalimu wako wa chuo au sheikh unayemuamini, umwambie mimba ilikuwa ya wiki ngapi na damu ilikaa siku ngapi. Mimi kazi yangu miaka yote ilikuwa ni kushika matumbo.

Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili na kalenda mkononi, kwa sababu umenifanyia jambo ambalo wagonjwa wangu wachache sana walikuwa wakilifanya: umeniandikia tarehe. Wengi wakija husema "siku zangu huja mwisho mwisho wa mwezi", basi hapo mkunga huhesabu vidole na dari. Wewe una daftari, na daftari lako limenambia kitu ambacho bibi wa vifundo hawezi kukuambia.

Tuhesabu pamoja. Siku ya kwanza ni ile unayoanza kuona damu. Yai la mwanamke hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Sikiliza neno *kabla*, maana watu wengi hufunzwa kuhesabu 14 kwenda mbele, na hiyo humfaa mwenye mzunguko wa siku 28. Wako ni wa siku 30, kwa hiyo yai lako hutoka karibu na siku ya 16. Likishatoka huishi si zaidi ya siku moja. Mbegu za mwanamme ndizo zenye subira, zinaweza kukaa hai ndani ya mwili wa mwanamke mpaka siku tano. Basi siku za kushika mimba kwako ni kuanzia siku ya 11 mpaka ya 16, tutie na ya 17 kwa tahadhari.

Mwezi wa tatu ulianza tarehe 21. Siku yako ya 16 ilikuwa tarehe 5 Aprili. Bwana alikuwepo tarehe 27 mpaka 30 Machi, yaani siku ya 7 mpaka ya 10. Mwezi wa nne, yai tarehe 5 Mei, yeye kaondoka tarehe 29 Aprili, siku ya 10 tena. Mwezi wa tano ndiyo kidogo, kaondoka siku ya 11, labda akagusa ukingoni. Kila mwezi, mwanangu, boti inang'oa nanga siku chache kabla yai halijatoka! Na kwenye hiyo miezi saba yako, Novemba uitoe, ulikuwa unatoka damu. Disemba uitoe pia, ndiyo kwanza hedhi ya mwanzo inarudi. Zinabaki safari tano, na karibu zote zimeangukia nje. Kwa mahesabu yangu wewe hujajaribu miezi saba. Umejaribu mara moja, na hiyo moja nusunusu.

Madaktari huanza kuita tatizo pale mke na mume walio pamoja mara kwa mara, bila ya kinga, wanapotimiza miezi 12 bila ya mimba. Mwanamke akifika miaka 35 hawangoji, huanza baada ya miezi 6. Wewe una 27.

Mwili si saa ya ukutani, yai linaweza kutangulia au kuchelewa siku mbili tatu. Ndiyo maana utazame na dalili: siku zile za yai, ute wa ukeni huwa mwingi, mweupe wa kuona ndani, unavutika baina ya vidole kama ute wa yai bichi la kuku. Ukiuona huo, hizo ndizo siku. Lakini wewe huwezi kuuona, kwa sababu ya vifundo.

Na hapa ndipo ninapokuwa mkali. Vifundo vile viache leo. Usisubiri vimalizike kwa kuwa vimelipiwa. Kwa karibu miaka thelathini ya kazi nimetoa vitambaa, pamba, majani na hata kipande cha kitu ambacho mpaka leo sikijui, ndani ya matumbo ya wanawake waliokuja wakiona aibu kunitazama usoni. Ngozi ya ndani ni laini kuliko ya mdomo. Ukiweka kitu kinachowasha kama pilipili, unaichubua, unaua vijidudu vizuri vinavyoilinda, na unafungua mlango kwa vibaya. Hakuna uchafu uliobaki kizazini kwako tangu Novemba. Kizazi hujisafisha chenyewe kila mwezi, na hedhi yako inayokuja kwa wakati wake, damu ya kawaida, ndiyo ushahidi. Harufu unayoisikia haitoki kwenye "uchafu wa zamani", kwa dhana yangu ni vifundo vyenyewe vimekuletea. Hiyo ya kunywa nayo iweke kando, kwa sababu hatujui ndani yake mna nini na unatafuta mimba. Kombe sina neno nalo, mradi maji ni safi na wino si wa dukani. Kunywa kwa imani yako.

Najua utaniambia, nitamwambia nini mavyaa? Usimwambie dawa yake mbaya. Mwambie, "Mama, daktari kanipa dawa, na amenikataza kuchanganya." Hutakuwa umesema uongo, kwa sababu ninakupeleka kwa daktari, na dawa utapewa.

Ninakupeleka kwa ajili ya ile homa. Hili ndilo lililonikosesha raha katika barua yako, zaidi ya vidonge vya miaka minane nyuma. Homa na kutetemeka siku ya nne baada ya kusafishwa ni dalili kwamba vijidudu vilipata njia. Huenda vilikufa na vidonge vile vya rangi mbili, huenda vilififia tu, kwa sababu siku tatu za antibiotiki zilizochaguliwa na mtoto na muuza duka si tiba. Vikipanda mpaka kwenye mirija vinaweza kuacha makovu, na mrija wenye kovu huziba, au huruhusu mimba itunge humo humo ndani, na hiyo ni hatari ya maisha. Sisemi kuwa imekutokea. Nasema jambo hili hupimwa, halikisiwi.

Wengine mnaosoma hapa, mkishatoka kusafishwa au mimba ikatoka yenyewe, rudini hospitali siku hiyo hiyo mkiona homa ya 38 na kuendelea, majimaji yenye harufu mbaya, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, kizunguzungu cha kuanguka, au damu ya kujaza pedi mbili kwa saa, saa mbili mfululizo. Aibu ya muuguzi mmoja isikuue. Na muda ule wa damu msiingize kitu chochote ukeni, wala msikutane na mume mpaka damu ikatike.

Nimetaja aibu, nikae hapo kidogo. Lile swali, "umetumia nini?", mimi mwenyewe nimeliuliza. Lina sababu yake: aliyetumia dawa au kitu chochote huenda ana mchubuko au sumu mwilini, na matibabu hubadilika. Lakini huulizwa nyuma ya pazia, kwa sauti ya chini, mavyaa akiwa nje, na baada ya kumpa mgonjwa pole. Niliwahi kuliuliza vibaya, nikiwa kijana na zamu ya usiku imenichosha, na yule mama hakurudi tena kwangu. Alikwenda kuzaa nyumbani. Kwa hiyo kwa niaba ya wenzangu, tuwie radhi.

Sasa vidonge vya miaka 19. Dawa ya namna ile hufanya kazi yake, kisha mwili huitoa ndani ya siku chache. Haikai kizazini miaka minane ikingoja. Haikaushi mayai wala haipunguzi idadi yake. Kinachoweza kuharibu uzazi baada ya mimba kutolewa ni vitu viwili: maambukizi yaliyopanda juu, ambayo nimeshayasema, na makovu ndani ya kizazi, khasa pale kilipokwanguliwa kwa chuma. Mwenye makovu ya namna hiyo hedhi yake mara nyingi hupungua ikawa matone, au hukatika kabisa. Yako ni ya kawaida. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linapendekeza usafishaji wa kufyonza au wa vidonge, si wa kukwangua, kwa sababu hii hii.

Ushahidi mkubwa kuliko wote umeuandika mwenyewe bila kujua. Mwaka jana *ulishika mimba*. Baada ya vidonge vile, yai lako lilitoka, mrija ukaliachia lipite, kizazi kikalipokea. Mtu aliyekaushwa kizazi akiwa na miaka 19 hafiki wiki kumi akiwa na miaka 26.

Ya kulipizwa sitaingia. Hayo ni baina yako na Mola wako, na mlango wa toba hauna mkunga mlinzi. Ila kwa upande wa mwili, mimba ya Novemba haikutoka kwa sababu ya ile ya zamani. Wala haikutoka kwa sababu ya polo. Kama kubeba karafuu kungekuwa kunatoa mimba, Pemba hii isingekuwa na watu. Katika kila mimba 100 zinazojulikana, kati ya 10 na 20 huharibika, na nyingi ni ndani ya wiki 12 za mwanzo. Karibu nusu ya hizo za mapema ni kwa sababu kromosomu, zile nyuzi za urithi za baba na mama, hazikupangika sawa tangu siku yai na mbegu zilipokutana. Mimba ya namna hiyo ilikuwa imeshaandikiwa kutoka kabla hujajua kuwa unayo, na ungelala kitandani miezi miwili ukilishwa kwa kijiko ingetoka vilevile. Nakuomba umsomee mavyaa sehemu hii. Au umwachie wifi aisome kwa sauti, ndiyo bora zaidi.

Mume wako anasema yeye mzima kwa sababu alishakupa mimba. Vizuri. Kwa hoja hiyo hiyo, wewe nawe mzima kwa sababu uliishika. Hoja haiwezi kuwa na mguu mmoja. Na ukweli ni kwamba mbegu za mwanamme hubadilika: homa kali, maradhi ya zinaa, sigara, baadhi ya dawa, zote huzigusa. Karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, tatizo au sehemu ya tatizo liko kwa bwana. Kipimo chake ni rahisi kuliko chako chochote. Hukaa siku mbili mpaka saba bila ya kukutana na mke, kisha hutoa mbegu ndani ya kikopo, mtaalamu akazitazama kwa hadubini. Hakuna sindano, hakuna kitanda cha kupanua miguu. Mimi huwaambia wanaume hivyo na wengi hunyamaza.

Umwambie kuhusu ile ya zamani? Sikuamrishi. Unamjua wewe, mimi simjui. Ninachojua ni kwamba tiba yako haihitaji yeye ajue, inahitaji daktari ajue. Omba uingie peke yako, useme wazi: mimba mbili, moja kwa vidonge, moja imetoka yenyewe ikasafishwa, kisha homa. Na jambo dogo ambalo wengi hawalifikirii: kadi ya kliniki ya wajawazito ina sehemu ya idadi ya mimba, na kadi hukaa juu ya kabati ambapo kila mtu hufika. Mwambie mkunga kwa mdomo, umuombe na namna ya kuandika. Mkunga mwenye akili atakuelewa kabla hujamaliza sentensi.

Huko kwa daktari wa kinamama, Chake Chake au Mkoani, akupime shingo ya kizazi na yale majimaji, akufanyie altrasaundi, kaswende na virusi vya ukimwi mpime nyote wawili, sukari, presha, wingi wa damu, na kundi la damu pamoja na Rhesus, ile alama ya chanya au hasi inayoandikwa mbele ya kundi. Wenye Rhesus hasi kwetu ni wachache, lakini aliye hasi huenda akahitaji sindano maalumu mimba inapotoka au anapozaa, na wewe hukuniambia kama ulipimwa. Picha ya mirija, ile ya eksirei ambayo hutiwa dawa kizazini, mwachie yeye aamue. Mimi kwa ile homa ningeitaka mapema kuliko kusubiri mwaka. Usikubali kuuziwa vipimo vya "mimba kuharibika kila mara", hivyo ni vya mwanamke ambaye zimemtoka zenyewe mbili au tatu. Wewe imekutoka yenyewe moja tu, na wengi waliotokwa na moja, mimba inayofuata huwa ni mtoto.

Foliki asidi anza sasa, mikrogramu 400 kila siku, usisubiri mimba, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto hufungika katika wiki ambazo mama hajajua lolote. Ukiambiwa damu imepungua, kula dagaa na tembele na ukamulie ndimu, na chai ya rangi iweke mbali na chakula. Chai hufunga madini ya chuma, na sisi Wapemba tunaishushia kila tonge.

Wako watakaokwambia bado ni mapema. Mwaka 2005 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walishauri kungoja miezi sita baada ya mimba kutoka. Mwaka 2010 ukatoka utafiti wa Uskochi wa wanawake zaidi ya 30,000, ukaonesha walioshika kabla ya miezi sita hawakupata hasara, bali walifanya vizuri zaidi. Wewe miezi sita umeshaipita, hivyo ubishi huo hautuhusu. Ila wapo ninaowasisitizia wangoje: waliotokwa na mimba ya zabibu, ile ambayo kizazini huota vijipovu kama zabibu badala ya mtoto, ambao lazima wafuatiliwe kwa kipimo cha damu mpaka daktari aseme tayari. Na asiyetaka mimba haraka ajue kwamba yai linaweza kutoka wiki mbili tu baada ya mimba kuharibika. Wapo walioshika kabla hata ya kuona hedhi ya mwanzo.

Ile harufu ya karafuu inakuumiza kwa sababu hukulia. Ulitoka hospitali umetuhumiwa, ukarudi nyumbani kwenye kapu lako. Mimba ya wiki kumi kwa wengine si kitu, kwako ilikuwa na doti ya kanga. Mtafute mtu mmoja, mama yako kama yuko hai, umsimulie usiku ule tangu gilasi mpaka mkeka. Ukiona hulali, huli, huna hamu na kitu, na wiki mbili zinapita, mwambie na hilo daktari, lina tiba yake.

Tukirudi kwenye daftari, hedhi yako ya Julai itaanza tarehe 19 ikija kwa mwendo wake. Siku zako ni tarehe 29 Julai mpaka tarehe 4 Agosti. Mshahara wa bwana ukitoka, asipande boti siku ile ile. Aombe ruhusa yake isogee mbele iangukie siku hizo, mkutane kila siku au siku moja baina ya nyengine, inatosha. Ikiwa mabosi wake hawasogezi, basi boti ya Mkoani inakwenda Unguja kama inavyorudi. Panda wewe. Mavyaa ataambiwa unakwenda Mnazi Mmoja kupimwa, na utakwenda kweli, asubuhi, yeye bwana yuko nawe kwenye foleni na kikopo chake mfukoni, ila kipimo chake mkifanye mwisho wa safari, baada ya tarehe 4 na baada ya kupumzika zile siku mbili.